Shahidi wa Pili

Tororo, mwezi wa nne. Mvua imekaa juu ya Mwamba
kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.
Nilikuwa napinda ukosi wa sare ya shule
mtoto alipokuja mbio: "Babu anakuita.
Amesema uje na macho yako."

Yokosofati Obbo, miaka thelathini na moja kiwanda cha saruji,
mapafu yake sasa mifuko miwili iliyolowa.
Kando ya kitanda, wakili Emongot, viatu vya matope,
karatasi nne mapajani, kidau cha wino wa zambarau.
Wangolo wa baiskeli alikwisha fika,
ananuka gundi, mikono ameifumbata kama yuko ibadani.

"Mmoja tunaye," akasema wakili. "Sheria inataka wawili.
Watu wazima, wenye akili zao,
wamwone mzee akitia alama kwa mkono wake,
naye awaone wao wakitia sahihi zao.
Kila ukurasa. Jina, na mahali unapolala."

Nikaomba kalamu. Naye akasoma,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
nyumba ya mabati, ya Athieno;
shamba la Osukuru, la Owor na Ochwo, mpaka jiwe jeupe;
redio, ya kanisa, ingawa haisikiki;
"na cherehani ya marehemu mke wangu
apewe Nyaketcho, jirani,
aliyeniosha miguu wakati wanangu wana shughuli."

Kalamu ikasimama.

Wakili akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Mama, ukitia sahihi, wosia utasimama,
lakini zawadi yako itaanguka.
Shahidi hali kwenye sahani anayoilinda."

Nikachungulia nje. Nani mwingine?
Siku ya soko, mtaa mzima umekwenda Malaba.
Mlangoni palikuwa na Oketcho tu, mdogo wake mzee,
ambaye tangu Jumatatu analipima shamba kwa hatua zake.

"Tungoje kesho," mzee akanong'ona,
na kifua chake kikajibu kabla yetu.
Kesho ni mtu asiye na anwani.
Nikafikiri cherehani yangu ya kukodi,
elfu tano kila wiki, sindano inayoruka.
Nikafikiri ile ya Mama Athieno,
nyeusi, maua ya dhahabu shingoni,
inavyoimeza jinzi kama ugali.

Wakili akashika kidole gumba cha mzee, kisha akakiachia.
"Hapana. Bonyeza mwenyewe."
Akabonyeza. Kidole kikatetemeka, alama ikatoka na mkia.
Akatutazama, mmoja, halafu mwingine,
kama anayetupa mtoto tumshikie.

Wangolo akaandika. Nami nikaandika, mara nne.
Ukurasa wa nne nilisaini chini ya jina langu mwenyewe.

Alifariki Alhamisi.

Mahakamani Oketcho alisema gumba lilibonyezwa baada ya roho,
angalieni hata mkia wake.
Nikashika Biblia. Wakaniuliza uliona nini,
nikasema nilimwona akiwa hai, na yeye aliniona.
"Na wewe," wakili wake akatabasamu, "ulipata nini?"

Nikamwambia asome ukurasa wa nne.

Akausoma kimya. Midomo ilifika kwenye cherehani,
ikashuka mpaka kwenye sahihi yangu, ikafunga.
Hakuuliza tena.

Nasikia kwingine wosia hubandikwa kiapo
siku ileile, ukajisemea wenyewe,
shahidi akabaki kazini kwake na pini zake mdomoni.
Huu wetu ulisemewa na kile nilichokosa.

Cherehani iko kwa Athieno, imefunikwa shuka.
Hajui hata kutia uzi.
Jumamosi nitapita,
nimuulize anakodisha bei gani.